Makombe Yaliyogeuza Shingo

Watu walimwita Mkono, na jina hilo hakulipata kwa mama yake wala kwa kupigana. Alilipata kwa makombe. Makombe ya mpira, ya mbio, ya kwaya, ya wanafunzi waliofaulu, na ya wafanyakazi bora ambao wakubwa wao waliona kombe ni rahisi kuliko kupandisha mshahara. Yote yalifika kwenye karakana yake yakiwa vipande ndani ya maboksi: kitako cha marumaru huku, nguzo kule, kikombe chenye masikio mawili, mfuniko, sanamu ya mchezaji iliyopakwa rangi ya dhahabu, na ufito wa chuma uliochongwa mikunjo kama parafujo, wa kupita katikati na kuvishikanisha vyote. Yeye na mkewe ndio walioviunga. Kombe likitoka kwao lilikuwa halichezi. Ungelibeba kwenye gari bovu, barabara ya mashimo, ukafika ukalikuta limesimama wima, mchezaji wake anatazama mbele kama askari wa gwaride. Watu wakasema, yule bwana ana mkono. Kwa kuwa watu ni wavivu wa kusema, ile "ana" ikaanguka njiani, likabaki Mkono.

Kazi waliigawana tangu mwanzo. Mke alipanga, mume akakaza. Mke aliketi dirishani akivisha vipande kwenye ufito kimoja baada ya kingine, huku mumewe ameinamia vibati vya majina, anachonga herufi, hana habari na dunia. Kisha mke aliligeuza kombe kichwa chini na kumwekea mezani. Kwa hiyo, nisikufiche, miaka yote hiyo alichokiona Mkono ni makalio ya makombe. Aliingiza nati kwenye tundu la kitako, akazungusha spana ya boksi, na mkewe aliyeshikilia kule juu akasema, "Basi." Akisema basi, ni basi. Mkono aligundisha kitambaa cha kijani chini ya kitako, akapuliza vumbi, na kombe likaenda zake. Halikurudi. Ndiyo ilikuwa fahari yake kubwa: kazi yangu hairudi, mimi sijawahi kufungua nilichofunga.

Kisha mke akafa. Ulikuwa ugonjwa mfupi, wa kumwondoa mtu kabla ndugu hawajakubaliana nani alale naye hospitali. Mkono alizika, akashika mikono ya watu, akasema asante, akarudi nyumbani. Hakulia. Walioketi matangani wakitafuta la kusema walilipata hilo: ama ana moyo wa jiwe, ama ana mwanamke mwingine. Hakuwa na kimoja wala kingine. Alikuwa amekufa ganzi tu, kama mguu ulioukalia vibaya. Unaujua ni wako, unaukanyagia, hauna habari nawe. Asubuhi moja alitia chumvi kwenye chai badala ya sukari akainywa mpaka kikombe kikakauka, na aliyegundua ni bintiye, aliyekuja kuosha vyombo.

Kandambili za marehemu zilibaki pale mlangoni, kati ya chumba na karakana, pale alipozivua mara ya mwisho. Bintiye alitaka kuziondoa, baba akasema ziache. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayekataa nyongeza ya chakula. Akawa anazivuka akienda kazini na kuzivuka akirudi.

Basi akarudi kwenye makombe peke yake. Akapanga mwenyewe, akageuza mwenyewe, akakaza mwenyewe. Na makombe yakamgeuzia shingo. Alipozungusha nati huku chini, kila kitu kule juu kilizunguka nayo: kikombe kikawa sikio moja mbele na jingine nyuma, na mkimbiaji juu ya mfuniko akatazama pembeni kama aliyeitwa na mtu. Akilegeza nati, kombe likawa linatikisika. Akikaza kwa nguvu, marumaru ikapasuka kwa mlio mdogo mkavu. Alizitazama marumaru zilizopasuka asione hasira wala huruma. Alizifagia tu.

Mwalimu wa michezo ndiye aliyeleta habari rasmi. Alikuwa mteja wa siku nyingi, mtu mnene wa filimbi shingoni, asiyejua kusema polepole hata kanisani.

"Fundi! Shikamoo."

"Marahaba, mwalimu."

"Pole tena na msiba. Sasa fundi, tazama huyu." Akaweka mezani kombe la wiki iliyopita. "Mchezaji kaupa mgongo mpira. Nimemkabidhi mkuu wa shule mbele ya wazazi, kombe likazunguka mkononi mwake kama feni. Watu wamecheka!"

"Niachie, nitalirekebisha."

"Hilo dogo. Nina mashindano ya shule zote, Jumamosi. Makombe madogo haya hapa kwenye boksi, vipande vyake vyote. Na hili." Akafunua gunia. Lilikuwa kombe kubwa la mashindano, lile linalohamahama kila mwaka kutoka shule hadi shule, kazi ya Mkono na mkewe ya zamani sana. Sikio moja lilikuwa limevunjika. "Sikio jipya nimeagiza, lipo humo. Fundi, mimi nakupenda, lakini kamati hainipendi mimi. Wanasema twende kwa yule bwana mpya anayebandika kwa gundi. Yakigeuka tena, sitakuwa na la kuwaambia."

Mkono akasema sawa. Jioni hiyo bintiye, aliyekuwa amesikia yote kutoka jikoni, alikaa kwenye kiti cha dirishani, kile cha mama yake, kisha akainuka haraka akahamia kwenye stuli.

"Baba, usikasirike. Hii kazi ilikuwa ya watu wawili."

"Najua."

"Basi tufanye hivi. Jumamosi ikipita vizuri, sawa. Isipopita, unafunga hapa unakuja kukaa kwetu. Chumba kipo. Wajukuu wanakuuliza kila siku."

"Sawa, mama."

Binti alitamani baba akatae. Alikuja amejiandaa kwa ugomvi, na ugomvi ungemfurahisha. Karakana ile ndiyo iliyomlea, chini ya meza ile alijifunza kutambaa kati ya vipande vya marumaru, na baba alikuwa ameitoa kwa neno moja kama mtu anayetoa kiberiti. Akaenda zake anafuta macho.

Lakini mazoea ni mazoea. Kesho yake Mkono alivaa shati, akaenda kutafuta kifaa. Alikuwa ameshafikia uamuzi: kinachokosekana ni mkono wa kushika kule juu, na siku hizi kila mkono umetengenezewa chuma chake. Wahenga wamesema mchagua jembe si mkulima, lakini wahenga hao hawakuwahi kukaza nati ndani ya tundu refu wakiwa wajane.

Mtaa wa vyuma ulikuwa na duka la mwanamke mmoja aliyeitwa Mama Spana, kibanda kilichojaa vyuma vya mitumba mpaka mwenyewe akawa anaingia kwa ubavu. Alikuwa na ulimi wa kuchongea penseli.

"Mkono! Umepotea kama chumvi ya dukani. Unataka nini, baba?"

"Kitu cha kushikilia kombe lisizunguke nikikaza."

"Hapo umefika." Akamtolea jiliwa, lile koleo kubwa la kufungwa mezani, linalobana kitu kwa meno mawili. Mkono alilibeba begani mpaka nyumbani. Lilibana vizuri sana. Liliacha alama za meno kwenye dhahabu ya kikombe kama limekitafuna. Akalirudisha. Mama Spana akampa plaizi yenye midomo ya mpira, ikateleza. Akampa spana ndefu zaidi. Marumaru nyingine ikapasuka. Akampa mkanda wa kubania, wenye kishikizo cha kuzungusha. Ukashika kikombe kweli, lakini alipoufungua kikombe kikageuka taratibu, kama mtu aliyekuwa anasubiri mgeni aondoke.

Aliporudi tena, Mama Spana alikuwa anakunywa chai.

"Wee baba, kwa nini usihamie hapa kabisa? Nitakutandikia kati ya tupa na misumeno."

Mkono akaweka mkanda kaunta. Hakucheka.

"Hebu nionyeshe spana uliyokuwa unatumia zamani," mwanamke akasema. Mkono akaitoa mfukoni. Mama Spana akaupima mdomo wake kwa kidole, akaitazama dhidi ya mwanga. "Nzima hii. Haijalika hata kidogo. Sasa kimebadilika nini?"

"Mke wangu alikuwa anapanga. Mimi nakaza."

Mama Spana aliweka kikombe cha chai chini. Alijua habari za msiba, alikuwa ametuma sabuni na unga, lakini hakuwa amemtazama mtu mwenyewe kwa makini hivi. "Baba yangu," akasema kwa sauti ambayo wateja wake hawakuizoea, "mimi nauza vyuma. Nenda nyumbani. Sitaki kukuuzia kitu kingine, utanifanya nijione mwizi."

Akaenda nyumbani. Akazivuka kandambili mlangoni. Ilikuwa Alhamisi, jua la mchana limejaa karakanani, na kazi pekee iliyobaki asiyoweza kuiharibu ilikuwa kuondoa lile sikio lililovunjika. Sikio limefungwa kwa skrubu kutoka ndani ya kikombe. Huwezi kulitoa bila kulifungua kombe zima. Kwa hiyo Mkono akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake. Alibandua kitambaa cha kijani, akaingiza spana, akafungua kazi yake mwenyewe.

Nati ilitoka kwa shida, maana aliikaza akiwa kijana. Akavuta kitako. Akavuta nguzo. Aliponyanyua kikombe, kitu kikaanguka mezani bila sauti.

Kilikuwa duara la mpira, limekatwa dogo kuliko mguu wa kikombe ili lisionekane kwa nje. Kati ya nguzo na kitako kulikuwa na jingine. Mpira ule ulikuwa umekakamaa kwa uzee, lakini kazi yake mtoto angeielewa: ulishika huku, ukashika kule, kikombe kisizunguke nati inapokazwa, na ukalala katikati kama godoro marumaru isipasuke. Mkono alilishika lile duara. Lilikuwa la bluu. Akaligeuza. Upande wa pili kulikuwa na nusu ya msalaba, umechomwa kwa msumari wa moto.

Hapo itabidi nirudi nyuma kidogo, maana mpira huo una historia.

Zamani, binti yao akiwa bado wa kubebwa, Mkono alinunua kandambili za bluu. Nene, za mpira mzito, za mtu aliyepata oda kubwa ya kwanza. Alizipenda kupita kiasi. Akazichoma msalaba kisiginoni kwa msumari wa moto ili mtu asizichukue bafuni, kwa kuwa bafu lilikuwa la wapangaji wote. Siku moja akakuta moja haipo mlangoni. Nyumba ya pili kulikuwa na mbwa, na Mkono hakuhitaji ushahidi mwingine. Alimtukana mbwa, akamtukana mwenye mbwa, na mwenye mbwa naye akajibu kuhusu mafundi wenye miguu inayonuka mpaka mbwa akaitamani. Hawakusalimiana tena hadi jirani yule alipohama. Na mke wa Mkono siku hiyo alisimama kando ya mumewe, mikono kiunoni, uso mkavu kabisa, akasema, "Mbwa huyo hana adabu." Kandambili iliyobaki, Mkono aliitundika kwenye msumari ukutani karakanani. Alisema mwenzake atarudi. Mkewe aliifuta vumbi kila alipofagia.

Mkono akatazama ukutani. Ilikuwa bado inaning'inia. Akatazama duara mkononi.

"Mwanamke wewe!" akapiga kelele. "Kandambili yangu!"

Sauti ilimtoka kwa nguvu hata yeye mwenyewe ikamshtua.

"Kandambili yangu mpya! Na mbwa wa watu nikamtukana! Nimenuniana na jirani miaka na miaka, nimekataa hata kwenda kwenye harusi ya mtoto wake, na wewe umesimama hapo, mikono kiunoni, eti hana adabu! Nani hana adabu? Kwa nini hukuniambia?"

Aliuliza akiwa amegeukia dirishani. Na alijua kwa nini hakuambiwa. Kijana Mkono alikuwa na kiburi cha kujaza ndoo. Mwanzoni kabisa mkewe alimshauri waweke kitu kidogo katikati, akajibiwa kwamba kombe la fundi haliwekwi viraka, kazi ni mkono. Mke akasema haya. Akatafuta mkasi. Kikulacho ki nguoni mwako, na anayekulisha naye humo humo. Wakati watu wanaimba Mkono, Mkono, yeye alikaa dirishani anakata viatu vya nyumba nzima kimya kimya, akampa mumewe jina, akamwachia alivae. Hata lile "Basi" lake halikuwa la kushika, mpira ulishashika. Alisema basi ili mume asivunje jiwe.

"Si ungesema," Mkono akasema, safari hii taratibu. "Wakati wa kuumwa, hata. Ungesema tu."

Akasubiri. Alisubiri kweli, kama mtu anavyosubiri jibu kutoka chumba cha pili, na mdomo wake ukawa tayari na maneno ya kujibu jibu. Hakuna aliyejibu. Ndipo alipoelewa kwamba hatajibiwa, si leo tu. Ile ganzi ikamwachia yote kwa mkupuo, na kama mguu unavyouma zaidi damu inaporudi, ikamuuma. Mkono alilia. Alilia ameegemea meza ya kazi, mbele ya wachezaji wa dhahabu wasioweza kugeuza vichwa, akalia mpaka mama mmoja aliyepita nje akasimama, akasikiliza, akaenda zake bila kubisha hodi. Nampa heshima mama huyo.

Alipomaliza alinawa uso, akavuta kopo la biskuti lililokuwa chini ya kiti cha dirishani. Wote waliamini lina nyuzi na sindano. Lilikuwa na mkasi, mabaki ya mipira ya rangi zote, na vifuniko vya chupa na mitungi vya kuchorea duara, vidogo kwa vikubwa. Kati ya mabaki yale alitambua viatu vya kuogea vya bintiye alivyolia vimepotea, na kipande cha zulia la mlangoni la mpira lililokuwa, kama alivyoambiwa, limeibiwa.

Akashusha kandambili ya bluu ukutani na kuanza kukata. Mkasi ulikuwa mdogo. Kidole gumba chake kilikwama kwenye tundu lake, na huo mkono uliosifiwa mji mzima ukatoa duara la kwanza lenye umbo la ramani ya nchi yenye mgogoro wa mipaka. La pili likawa afadhali. Kufikia Ijumaa mchana makombe madogo yote yalikuwa yamesimama, wachezaji wanatazama mbele, na kandambili ya bluu ilikuwa imebaki kamba zake tu.

Likabaki kombe kubwa. Lile duara lake la bluu lilikuwa limekatika vipande viwili alipolikunja, jingine la kitako bado lilifaa, na koponi hakukuwa na mpira wa upana ule. Akatafuta chumba kizima. Kandambili zake za sasa zilikuwa nyembamba kama mkate wa hospitali. Akafika mlangoni, akasimama mbele ya zile zilizokuwa pale siku zote. Hazikuwa na uzuri wowote. Zilikuwa za kijani, zimelika upande mmoja, na alama ya vidole vitano vya mkewe imezama kwenye mpira. Mkono aliinama. Akachukua moja. Akaishika muda mrefu, kisha akaichora duara pale kwenye kisigino, mbali na alama za vidole, akakata, huku anamwomba radhi kwa sauti kama anayemwosha mtu kidonda. Duara hilo lilitoka zuri kuliko yote.

Alipanga. Akageuza. Akaingiza nati na spana ileile ya siku zote, akazungusha mpaka akahisi mpira umeshika.

"Basi," akasema mwenyewe.

Jumamosi bintiye alimpeleka uwanjani. Kombe kubwa lilinyanyuliwa, likagombaniwa, likabusiwa, likakaliwa na mtu mmoja mnene katika picha. Likagongwa hata kwenye mlingoti wa goli. Watu wengine walitazama washindi. Mkono alitazama shingo ya kombe. Haikugeuka. Mwalimu wa michezo akaja anakimbia, filimbi inarukaruka tumboni.

"Mkono! Mkono ni mkono, bwana! Kamati imenyamaza kimya! Umepata kifaa gani?"

"Mkasi," Mkono akasema, na mwalimu akacheka sana, akidhani ni utani.

Waliporudi nyumbani, binti alitangulia ndani kuweka maji jikoni. Alikuwa na furaha, na kwa furaha hiyo alikuwa karibu kumwambia baba kwamba lile suala la kuhamia wataliacha. Kisha akasimama mlangoni. Chini palikuwa na kandambili moja ya kijani, peke yake.

"Baba. Kandambili ya mama, moja haipo."

Mkono alikuja, akaiokota ile iliyobaki, akaipeleka karakanani na kuitundika kwenye msumari wa ukutani. Akaifuta vumbi kwa kiganja.

"Baba, nakuuliza. Nani kaichukua?"

"Mbwa," akasema.

"Mbwa gani? Hapa hakuna mbwa tangu nikiwa mtoto."

Mkono akaweka mikono kiunoni, uso mkavu kabisa. "Mbwa huyo," akasema, "hana adabu."